Mlinzi wa Akiba Naye Aulizwe



Mwaka 1993 bei za vitu nchini mwetu zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40. Fedha zilikuwa zimemwagwa wakati wa uchaguzi wa 1992, na katika kashfa ya Goldenberg Hazina ililipa mabilioni kwa mauzo hewa ya dhahabu na almasi. Benki Kuu, iliyopaswa kuwa mlinzi, haikuweza kukataa amri za wakubwa. Aliyelipa ni mnunuzi wa unga.

Tukadai mlinzi awe huru. Katiba ya 2010, Kifungu cha 231, ikampa uhuru huo. Hata hivyo, Imperial Bank ilipofungwa Oktoba 2015, udanganyifu ulikuwa umefichwa humo kwa miaka mingi. Walioufichua ni wakurugenzi wa benki yenyewe, si wakaguzi wa Serikali. Kinga ya mwenye akiba ilikuwa shilingi 100,000 tu. Ikaongezwa hadi 500,000 mwaka 2020.

Uhuru wa mlinzi asiyeona watufaa nini? Twadai wakaguzi wasiridhike na vitabu wanavyoonyeshwa na benki. Twadai pia kwamba benki ikianguka, Benki Kuu ilieleze Bunge, hadharani, ilijua nini na tangu lini.

Humo benkini mna karo za watoto wetu na sadaka za makanisa yetu. Mwulizeni mbunge wenu jambo hili kabla benki nyingine haijafunga milango.