Peke Yangu Kitulo

(Neno fupi lililotolewa na mmoja wa wazee wa ushirika siku ya maadhimisho. Tumeliandika karibu kama lilivyosemwa.)

Wapendwa wa Tunduma na Nakonde, wa Karonga, wa Mbeya na Makete, nawasalimu. Na wewe utakayesoma haya nyumbani kwako, jihesabu kuwa umekaa hapa nasi.

Nimepewa dakika kumi. Nitasema habari ya baridi.

Mnaikumbuka semina ya Mbeya, ile ya mwezi wa saba. Wenzangu wa Makete walikodi Hiace. Mimi nikasema nakwenda na pikipiki yangu, nina shughuli njiani. Jamani, shughuli sikuwa nayo. Sikutaka kukaa gari moja na watu wa kuniambia, "Mzee, patana na mhazini."

Jambo lenyewe mnalijua. Fedha za mahema zilibadilishwa mpakani, kwacha kwa shilingi, hesabu ikapelea. Nikasimama kikaoni nikamtaka mhazini wetu wa Nakonde aeleze zimekwenda wapi. Sikumwita mwizi kwa mdomo, lakini kila aliyekuwepo alilisikia neno hilo.

Basi nikaondoka saa kumi na moja alfajiri. Njia ya juu inapita Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, ambayo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Uwanda ule uko zaidi ya mita 2,600 juu ya bahari. Ukienda wakati wa mvua utakuta maua mpaka useme haleluya. Mwezi wa saba huyaoni. Nyasi zina sakitu nyeupe, na okidi zimelala chini ya udongo kwa viazi vyake, vile wenzetu wa Zambia mnavyopikia chikanda.

Nilivaa koti, na gazeti nimelipanga kifuani. Glavu zangu zilikuwa za pamba, ukungu ukazilowesha. Sasa wewe unayepanda pikipiki unajua: ukienda mbio unajitengenezea upepo wako mwenyewe. Kwa hiyo baridi ile nusu ilikuwa ya mlima, nusu ilikuwa ya haraka yangu. Vidole vikakataa kukamata klachi. Nikasimama, nikaegesha, nikakaa chini kwenye majani.

Kwanza nilitetemeka sana. Halafu kutetemeka kukaisha, nikaona raha, usingizi ukaja. Nikasema, Bwana amenihurumia. Kumbe mwili ulikuwa unaacha kupigana. Hapo ndipo watu hufa.

Akaja kijana na pikipiki amefunga gunia la viazi. Akanisalimu, nikamjibu, akaona ulimi wangu mzito. Hakuniuliza nasali wapi. Alinivua koti bichi, akavua sweta lake akanivika, akaniinua kwa nguvu, "Tembea, baba, tembea!" Akanikokota hadi nyumba ya kwanza. Wakanipa moto, chai ya maziwa na viazi vya kuchoma.

Nilipoweza kusema vizuri, akaniuliza, "Baba, njia hii kwa baridi hii, huna mwenzako?"

Nikajibu, "Ninao." Nikanyamaza.

Wapendwa, lile swali lilinichoma kuliko baridi. Mnaijua Mhubiri sura ya 4, habari ya wawili na mmoja wakati wa baridi. Nimeihubiri mara nyingi. Tena mnamjua Eliya, aliyelalamika kwamba amebaki yeye tu, na Mungu akamjulisha kuwa wako elfu saba. Lakini Eliya alikuwa amefukuzwa. Mimi nilijifukuza mwenyewe.

Na sasa niseme lile lililonileta hapa mbele. Hesabu ile ilipelea kwa sababu yangu. Nilipiga kwa bei ya kwacha ya wiki iliyotangulia. Kosa hilo niliishaliona mwezi wa pili, kwenye daftari langu. Miezi mitano nilijua, na nilimwacha ndugu yangu abebe jina ambalo si lake, kwa sababu niliona haya. Kikao kile kilisikia mashtaka yangu. Leo kisikie na hili.

Nilipofika Isyonje nikapata mtandao, nikampigia. Nikamweleza yote, nikilia. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Mzee, umekula?" Nikasema nimekula. Akasema, "Usiendeshe tena leo. Kaa hapo, tunakuja na gari." Akaja mwenyewe kutoka Mbeya, na blanketi.

Amenipa ruhusa kuyasema haya. Yuko pale nyuma, hapendi kutazamwa.

Ewe unayesoma, labda wewe hupandi pikipiki. Lakini unaweza kuwa umekaa ushirika huu huu, unaimba, unatoa sadaka, na mtu mmoja humsemeshi. Kama umeacha hata kuumia moyoni, usifikiri umepona. Hapo ndipo pa hatari. Inuka, tembea. Usilifunge gazeti hili kabla hujampigia.

Na yule kijana wa viazi, sweta lake nilimrudishia na lingine juu yake. Tumwombee.

Mungu awabariki. Amina.