Wajukuu wa Mkonge Wanatuulizia

Hotuba ya Kamati ya Historia na Ukoo katika mkutano wa mwaka na harambee ya wana-Kasulu waishio Dar es Salaam

Mwenyekiti ametupa dakika kumi na tano na ametuonya tusizipitishe, kwa kuwa chakula kinapoa.

Tumeombwa kueleza kwa nini Kamati yetu inaomba fedha mwaka huu, wakati kuna zahanati inayosubiri mabati na madawati ambayo bado hayajafika. Tuanze na kisa ambacho hakitupi sifa yoyote.

Mwezi Machi mwaka juzi uliingia ujumbe kwenye kundi letu la WhatsApp. Mwandishi alikuwa kijana wa Korogwe ambaye namba yake iliingizwa na mwanachama mmoja aliyekutana naye kazini. Aliandika kwa adabu. Alisema babu yake alijulikana huko kwa jina la Ramadhani, alifanya kazi ya kukata mkonge mpaka nguvu zikamwishia, akazikwa hukohuko. Alipokuwa anaumwa kwa mara ya mwisho alijitaja jina lingine ambalo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kulisikia, akataja na kilima. Kijana aliandika majina yote mawili jinsi alivyoyasikia, akauliza: je, kuna anayetufahamu?

Mliokuwamo kwenye kundi mnakumbuka tulivyojibu. Mmoja wetu aliandika, "Huyo anatafuta shamba." Mwingine akaweka kikaragosi cha kucheka. Wa tatu akasema hicho kilima hakipo Kasulu, ametafuta kwenye ramani ya simu na hakukiona. Halafu likaja tangazo la msiba, mazungumzo yakahamia huko, na ujumbe wa kijana ukazama.

Novemba, Katibu wetu alikwenda nyumbani kwa shughuli zake. Jioni moja, wamekaa uani kwa mzee mmoja, akakitaja kisa kile kama cha kuchekesha. Mzee hakucheka. Akasema, "Huyo ni kaka yake na bibi aliyekuwa akikaa pale chini mgombani. Aliondoka na watu wa mkonge, mimi nikiwa mvulana mdogo." Haikuchukua dakika tano. Bibi mwenyewe alikuwa amefariki mwezi Julai. Tangu kaka yake aondoke, alikuwa akimuulizia kila mtu aliyetoka pwani, na kuanzia Machi hadi Julai jibu lilikuwa ndani ya simu zetu.

Hatusemi haya kumsuta mtu. Walioandika maneno yale ni sisi, na wawili kati yao wamo kwenye Kamati hii.

Kwa vijana wetu ambao neno manamba wamelisikia kama tusi tu, tueleze kidogo. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche aliyoiagiza kutoka Florida ilikufa mingi njiani, na inasemwa ni 62 tu iliyobaki hai. Kutokana na miche hiyo yakaenea mashamba ya Pangani, Muheza, Korogwe na kwingineko, yakahitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo pwani. Watu wakatafutwa mbali, na Buha palikuwa mahali pamoja pa kuwapata: kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu, na fedha taslimu kwetu hazikuwapo. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kama SILABU. Mtu aliandikwa, akapewa namba, na ndipo likatoka jina manamba. Alipanda garimoshi Kigoma na kusafiri zaidi ya kilomita elfu moja, kisha akamalizia kwa lori hadi Tanga, kwa sababu reli ya kutoka Ruvu hadi Mnyusi, iliyounganisha njia ya Kati na ya Tanga, haikufunguliwa hadi 1963. Kazini alipewa kipande, kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi, na mshahara ulitoka kadi ikijaa. Wengi walirudi na baiskeli na blanketi. Wengine walioa hukohuko, wakabadili dini, wakazeeka.

Hao wa mwisho ndio ambao wajukuu wao wanatuulizia sasa. Tangu tuanze kuweka daftari, tumepokea maulizo 27 kutoka Korogwe, Muheza, Pangani, Kilosa, na mawili kutoka kwa watoto wa watu hao waliokwisha kuhamia Ulaya. Simu imerahisisha kuuliza. Kujibu bado ni kugumu, na ugumu tumeuona kwa macho yetu.

Ugumu wa kwanza ni majina. Mitandao hii ilitengenezwa na watu ambao jina lao la mwisho ni la ukoo, linatoka kwa babu hadi kwa kitukuu bila kubadilika. Kwetu jina la pili la mtu ni la baba yake na la tatu ni la babu. Vizazi vitatu vikipita, hakuna jina hata moja lililobaki pale lilipokuwa. Ongeza karani wa shambani aliyeandika alichokisikia, na mtu mwenyewe aliyesilimu au kubatizwa akachukua jina jipya. Ukimtafuta babu yako kwenye Facebook kwa jina lake la mwisho utapata maelfu ya watu, na yeye hayumo.

Ugumu wa pili ni mahali. Babu zetu waliishi wametawanyika vilimani, kila kaya na mgomba wake. Kisha ukaja uhamisho wa miaka ya 1970. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na mkoani Kigoma watu walikuwa wamekwisha kuanza kuhamishwa kabla ya hapo. Vilima vikaachwa, vijiji vikapewa majina mapya au jina la kilima kimoja likafunika vilima vitano. Aliyeondoka kabla ya hapo alibeba majina ya zamani. Yule ndugu yetu aliyesema kilima hakipo kwenye ramani hakudanganya. Kilikuwamo kichwani mwa mzee.

Sasa kuna swali tunaloulizwa kila mkutano: vipi kuhusu kupima vinasaba? Mmoja wetu anayeishi Marekani alipima, akaletewa orodha ndefu ya watu walioitwa binamu wa mbali. Hakuna hata mmoja aliyemjua Kasulu. Sababu ni rahisi. Kipimo hicho hulinganisha mate yako na ya wale tu waliokwisha kupimwa na kampuni ileile. Watoto wa ndugu wawili hugawana karibu sehemu moja ya nane ya vinasaba, wajukuu wa ndugu wawili karibu sehemu moja ya 32, na vitukuu karibu sehemu moja ya 128. Kijana wa Korogwe na wajukuu wa yule bibi wangeonekana vizuri kabisa kwa kipimo, lakini ni nani pale kilimani aliyewahi kupimwa? (Hayo mambo ya binamu wa tatu na wa nne tuwaachie wenyewe. Kwetu huyo ni kaka, basi.) Isitoshe, hapa nchini vipimo hivi vina sheria yake ya mwaka 2009, na msimamizi ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Usifunge mate kwenye bahasha kuyapeleka nje kabla hujauliza ofisini kwake.

Kilichotusaidia zaidi ni kitu cha kizamani. Padri mmoja alitufungulia rejista za ubatizo za parokia yake, zimeandikwa kwa Kilatini, na mwino umefifia. Tulikuwa tunatafuta majina ya wazazi. Mzee wetu mmoja aliyesoma seminari akatuambia tuangalie pambizoni. Kanisa Katoliki lina utaratibu kwamba mtu akifunga ndoa parokia nyingine, taarifa hurudishwa kwenye parokia aliyobatizwa na kuandikwa kando ya jina lake. Tulikaa siku mbili. Tulikuta wanaume 11 waliobatizwa kwetu na kuoa upande wa Tanga, na tarehe, na jina la mke. Kwa familia tatu kati ya hizo, huo ndio ulikuwa uthibitisho wa kwanza kwamba mtoto wao alifika salama. Kwa waliosilimu hakuna rejista ya namna hiyo, na kwa hao tunategemea midomo ya watu peke yake.

Kuna na upande mwingine, tusije tukaonekana tunahimiza watu wafungue milango ovyo. Baada ya aibu ile ya kwanza tulijawa na huruma kupita kiasi. Akatokea mtu aliyejua majina ya wazee wa familia moja hapa, vizazi vinne, na majina ya watoto pia. Tukampokea, tukamwita mjomba. Wiki ya tatu akawa amelazwa, zikahitajika fedha za upasuaji, tukachanga. Baadaye tuligundua majina yote aliyapata kwetu: familia ile ilikuwa imeweka mti mzima wa ukoo hadharani mtandaoni, na picha za watoto wa shule. Kuanzia hapo Kamati imeamua kwamba majina ya walio hai hayatawekwa hadharani bila idhini yao, na kwa watoto hayatawekwa kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatutaka tuwe waangalifu hivyo hata bila kuibiwa.

Tumejifunza pia namna ya kuuliza. Ukimuuliza mtu mwami wetu alikuwa nani, atakujibu Theresa Ntare wa Heru, maana yumo kwenye simu. Tunauliza mambo ambayo hayakuandikwa popote: mwiko wa nyumbani kwenu ulikuwa nini, babu alimwitaje mama yake, alikuwa akisema nini akikasirika. Kijana wa Korogwe hakujua Kiha. Alijua neno moja tu, la kumfukuza ng'ombe shambani. Alisema babu alikuwa akilitumia kwa kuku na kwa wajukuu, kwa sababu ng'ombe hakuwahi kuwa nao. Wazee walipolisikia walitazamana.

Na lile neno shamba, tuliseme waziwazi kwa sababu ndilo linalofunga midomo ya wengi. Anayekuja kujitambulisha kuwa ndugu hapati ardhi kwa kujitambulisha. Ardhi ya kijiji inagawiwa na halmashauri ya kijiji kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ndivyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inavyosema. Kama kuna familia yenye shauri la urithi, hilo lina mahali pake na wazee wake. Kumnyima mtu jina la bibi yake hakulindi mgomba wa mtu.

Kijana alikuja Desemba. Tulimwandikia wenyewe, tukamweleza na tarehe ya msiba. Alilala usiku tatu. Alileta kipande cha babu yake, visanduku vyote vimejazwa, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Alipelekwa kaburini, akaketi hapo asubuhi nzima na wajukuu wa bibi. Hakuomba kitu. Wakati wa kuondoka alimuuliza mzee yule bibi alikuwa akimwitaje kaka yake walipokuwa wadogo. Mzee akakiri kwamba hilo hakulijua, na aliyelijua alikuwa bibi mwenyewe.

Ndiyo maana tunaomba, na tunaomba haraka. Januari tuliorodhesha wazee 43 wa miaka 80 na zaidi katika vijiji vyetu. Watano wamekwisha kututoka. Tunataka kuwafikia 38 waliobaki mwaka huuhuu, kuwarekodi wakitaja koo, milango, vilima vya zamani na walioondoka. Hesabu ni hii: vinasa sauti viwili, shilingi 700,000, pikipiki na mafuta, 1,800,000, posho ya vijana sita watakaorekodi na kuandika, 2,400,000, sukari, sabuni na shuka kwa kila mzee, 50,000 kila mmoja, jumla 1,900,000, uchapaji wa vitabu vinne, 400,000. Jumla yote ni shilingi 7,200,000. Vitabu viwili vitabaki nyumbani, kimoja kitakuwa kwa Katibu hapa Dar es Salaam, na cha nne tumemwahidi yule kijana kipelekwe Korogwe, kwa kuwa sasa ndiye anayepokea maulizo ya upande ule.

Fedha za zahanati zina kapu lake, hatutazigusa. Kapu letu ni lile la kijani karibu na mlango.

Orodha ya wazee 38 ipo mezani kwa Katibu. Kama mzee wako hayumo, mwandike leo kabla hujaondoka, pamoja na jina la kilima alichozaliwa, la zamani, jinsi yeye anavyolitamka. Vijana wanaanza safari Jumatatu ya pili baada ya Pasaka, na mzee wa kwanza kwenye orodha ana miaka 94.