Kabla ya kusema «wamekata»

Ndugu vijana wa Kalemie, tarehe 31 Desemba 2018, siku moja nyuma ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini Kongo. Tangu pale, ikipotea tu, tunasema: «Wamekata!» Ngoja kwanza. Tuko mbele ya ordinateri ya Linux tusiyoizoea? Tuandike: ip link. «lo» ni mashini inajiongelesha yenyewe, tuiache. Jina likianza na «en», ni ya waya. «Wl», ni ya wifi. «NO-CARRIER» kwenye «en» maana yake waya haujashika, ao upande wa pili umezimwa. Tuchomeke, tuandike tena. Ikisema «state UP» na intaneti hakuna, tuendelee kutafuta mbele. Tukishitaki, tuwe na hakika.