Kabla ya Kisu: Maandalizi ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito kwa Watu wa Kanda ya Ziwa



Nimekuja kuwasemea watu ambao faili zao kliniki huandikwa presha, kisukari au maumivu ya magoti, na unene wenyewe hauandikwi. Baadhi yao wamekuwa wanene tangu shule ya msingi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 1991–92 ulikuta wanawake 11 katika kila 100 nchini Tanzania wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Ule wa 2015–16 ukakuta 28. Wachache kati ya hao wamefika mahali ambapo mlo na mazoezi peke yake havitawavusha, na sasa wanauliza habari za upasuaji. Husafiri kutoka Mwanza zaidi ya kilomita 1,000 hadi Mloganzila, Dar es Salaam, ambako Hospitali ya Taifa Muhimbili imeanza kuweka puto tumboni na kupasua. Wenye uwezo huenda Nairobi au India.

Upasuaji wenyewe huchukua saa chache na unaweza kufanyika popote penye mabingwa. Maandalizi yake, kwa mtu wa huku, hayana budi kufanyika huku, kwa sababu miili yetu ina mambo ambayo miongozo iliyoandikwa Ulaya na Marekani haiyaulizi.

Kwanza tuondoe lawama. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne walichapisha habari za watu waliopungua uzito kwa mlo mkali. Mwaka mzima baadaye, homoni za njaa katika damu yao zilikuwa bado juu na zile za shibe bado chini. Mwili hupigania uzito wake. Mama aliyepungua kilo 15 mara tatu na kuzirudisha mara tatu hakukosa nia. Upasuaji wa kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, karibu robo tatu au zaidi, husaidia kwa sababu unagusa homoni hizo, hasa grelini, ambayo hutengenezwa zaidi katika sehemu inayoondolewa. Nchini Sweden, tangu 1987, watu waliopasuliwa walifuatiliwa sambamba na wanene wenzao ambao hawakupasuliwa. Matokeo ya 2007 yalionyesha vifo vimepungua kwa zaidi ya robo. Kwa hiyo sizungumzii urembo.

Nani anastahili? Tunagawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye mita 1.60 na kilo 105 anapata 41. Tangu 1991 Wamarekani walitumia 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya mabingwa vikashusha hadi 35 bila sharti la ugonjwa. Hesabu ni rahisi. Kazi iko kwenye kuzipata hizo kilo. Nimemwona mama mtu mzima, kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja, akipanda mizani inayokomea kilo 120. Mshale ukagonga mwisho. Muuguzi akamwambia kwa upole kabisa aende sokoni kwenye mizani ya magunia. Hakwenda sokoni, na kituoni hakurudi. Mkanda wa presha nao uliobana mkono mnene husoma presha kubwa kuliko ilivyo, kwa hiyo mtu anaweza kupewa dawa asiyoihitaji. Maandalizi huanzia hapo, kwenye mizani na mkanda vinavyomtosha mtu.

Sasa nije kwenye ini, na hapa nitakaa kidogo. Mahali pengi duniani mgonjwa huambiwa ale chakula chepesi sana wiki mbili kabla ya upasuaji. Ini la mtu mnene hujaa mafuta, na kipande chake cha kushoto hulalia tumbo lenyewe. Wiki mbili za mlo huo hulipunguza, daktari akaweza kuliinua bila kulichana. Lakini sisi tumekulia kwenye maji ya ziwa hili. Tumeoga humo, tumefua, tumevua dagaa, na kichocho cha tumbo kimetuingia utotoni. Mayai ya minyoo ya kichocho hukwama kwenye ini miaka mingi na kuacha makovu kandokando ya mishipa. Kovu halipungui kwa mlo. Damu ikishindwa kupita kwenye ini hutafuta njia nyingine: bandama huvimba, mishipa ya umio na ya tumbo la juu hutanuka. Kila daktari aliyefanya kazi wodini hapa Mwanza anamjua mvuvi anayeletwa akitapika damu. Sasa fikirini mashine ya kukatia ikipita juu ya mishipa iliyovimba namna hiyo, kwa sababu hakuna aliyemuuliza mgonjwa alikulia wapi.

Ndiyo maana nasema mtu wa Ukerewe, Sengerema, Magu au Musoma asipelekwe kupasuliwa kabla hajapimwa kichocho, hajapigwa picha ya utrasaundi ya ini na bandama, na hajaingizwa kamera tumboni. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, ni ya bei ndogo. Kamera hiyo hiyo itaonyesha vidonda vya tumbo na bakteria wake, ambao huku ni wengi. Ikionekana mishipa imetanuka, huenda jibu la kweli kwa mtu huyo likawa hapana, na ni heri alisikie hapa kabla hajauza ng'ombe.

Jambo la pili ni ARV. Tangu 2019 nchi yetu imehamia kwenye vidonge vyenye dolutegraviri. Ni dawa nzuri, zinaokoa watu. Majaribio ya Afrika Kusini yalionyesha pia kwamba uzito huongezeka, zaidi kwa wanawake. Aliyepasuliwa atameza madini ya chuma na kalsiamu maisha yake yote, na vidonge hivyo vikimezwa pamoja na dolutegraviri bila chakula huizuia isiingie mwilini vizuri. Dolutegraviri inatakiwa imezwe saa 2 kabla ya madini hayo au saa 6 baada yake. Ratiba hiyo iandikwe pamoja na kliniki ya ARV kabla ya safari. Anayeficha hali yake kwa daktari mpasuaji wa mbali anajiweka hatarini, na wajibu wa kumwondolea hofu hiyo ni wetu.

Kuhusu sigara na pombe ni maneno machache: viachwe mapema. Anayekoroma usiku na kusinzia mchana apimwe, maana dawa ya usingizi kwake ina hatari ya ziada. Mwanamke akubali kutoshika mimba kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu baada ya upasuaji.

Kula kunahitaji mazoezi ya miezi. Kwetu tonge hutangulia na samaki husindikiza. Baada ya upasuaji sato au dagaa hutangulia, hutafunwa polepole hadi kulainika kabisa, na ugali hupata nafasi iliyobaki, ambayo ni ndogo sana. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Uji wa sukari na soda hupita kwa urahisi mno, na ndivyo huwarudisha watu kwenye uzito wao kimyakimya. Kwenye sinia la pamoja, anayekula taratibu hukuta wenzake wamemaliza. Apewe sahani yake bila kununiwa. Kwa hiyo mume, mama mkwe na anayepika waitwe kliniki naye.

Waitwe kwa sababu nyingine pia. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera, ng'ambo ya ziwa hili. Waliokuwa watu wazima wakati huo hawajasahau jinsi jirani alivyokonda hadi akaisha. Mama akirudi kutoka Dar es Salaam na kupungua kilo 30 kwa miezi sita, mtaa utasema kaungua. Nawajua wanawake waliojilazimisha kula kwa sababu ya maneno hayo. Mgonjwa aamue mapema nani ataambiwa ukweli, na kwa maneno gani; mshauri nasaha akae naye kwa hilo kabla, wakati bado ana nguvu za kujibu.

Katika vituo vyenye uzoefu mkubwa duniani, anayefariki ndani ya siku 30 ni karibu 1 kati ya 1,000. Hatari kubwa ni mshono kuvuja, na huweza kutokea mgonjwa akiwa amesharudi nyumbani: homa, moyo kwenda mbio, maumivu ya tumbo yanayopanda begani. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limemwondolea mtu wa Geita foleni ya kivuko. Mtu wa Ukerewe bado anasubiri meli. Kabla ya kwenda kupasuliwa ajue atampigia nani saa nane za usiku, na wiki za kwanza alale mjini kwa ndugu.

Ombi langu kwa chuo na hospitali za mji huu si jumba jipya la upasuaji. Naomba kliniki ya siku moja kwa wiki, yenye mizani ya kilo 300, mikanda mipana ya presha, viti imara visivyo na mikono, utrasaundi, na mtaalamu wa lishe anayejua ugali wa udaga ni kitu gani. Na itakapofunguliwa, wa kwanza kuitwa wawe wale ambao tayari wamepasuliwa huko mbali, wako majumbani Nyakato, Igoma na Buswelu, na hawajapimwa wingi wa damu wala vitamini B12 tangu waliporudi.