Simba wa Zhao Yuanren: Silabi Moja na Hoja Isiyosimama



Mhadhara huu umezaliwa na dai moja. Katika semina ya idara, msomi ninayemheshimu alisema kwamba Kichina ni lugha ya macho: ukiwanyang'anya Wachina herufi zao, hawataelewana. Ushahidi wake ulikuwa silabi moja, *shi*. Akaanza kuandika maana zake ubaoni: simba, jiwe, kumi, kula, mwalimu, historia, soko, chumba, jambo, mshale. Ubao ulijaa na ukumbi ukaridhika. Mimi sikuridhika.

Ya msingi mnayajua, nitayapitia haraka. Kichina sanifu kina silabi takriban 400 ukiacha toni, na kama 1,300 ukizihesabu pamoja na toni zake. Maneno ni mengi kuliko silabi, kwa hiyo mgongano haukwepeki. Swali ni kama mgongano huo unamzuia msikilizaji kuelewa.

Wanaosema unamzuia hukimbilia kisa mashuhuri cha Zhao Yuanren. Naomba tukae na mtu huyu kidogo, maana hakuna ninayemsoma kwa furaha zaidi. Alizaliwa Tianjin mwaka 1892, akasoma Cornell na Harvard, akawa mkalimani wa Bertrand Russell alipozuru China, akatafsiri kisa cha Alice cha Lewis Carroll kwa Kichina mwaka 1922, akatunga nyimbo ambazo bado zinaimbwa. Alikuwa na sikio la ajabu kwa lahaja. Ndiye aliyeandika hadithi ya mshairi wa ukoo wa Shi, aliyeishi katika nyumba ya mawe na kuapa kula simba kumi. Anakwenda sokoni, anawapiga mishale, anawabeba hadi nyumbani, na anapotaka kuwala anagundua ni simba wa mawe. Herufi zake ni zaidi ya 90, na kila moja husomwa *shi*, kwa toni hii au ile. Ukiisoma kwa macho inaeleweka. Ukisomewa, huambulii kitu.

Mwenzangu aliona hapo mwisho wa mjadala. Lakini jiulizeni: mwandishi wake alikuwa nani? Alikuwa miongoni mwa wabunifu wakuu wa mfumo wa kuandika Kichina kwa hati ya Kilatini, uliotambuliwa rasmi na serikali mwaka 1928. Mtu huyo angeandika hadithi ya kubomoa kazi yake mwenyewe? Hadithi ile imeandikwa kwa Kichina cha kale, lugha ya vitabu ambayo hakuna mama anayembembelezea mtoto. Zhao alitaka kuonyesha kwamba lugha ile ya kale ndiyo isiyoweza kuandikwa kwa sauti za leo. Lugha ya watu ni jambo jingine.

Na lugha ya watu inasemaje? Simba haitwi *shi*, huitwa *shizi*. Jiwe ni *shitou*, mwalimu ni *laoshi*, historia ni *lishi*, jambo ni *shiqing*. Tena simba huhesabiwa kwa neno la vichwa na jiwe kwa neno la vipande, hivyo kabla jina halijatamkwa msikilizaji ameshaanza kuchuja. Sisi tunafanya hivyo kwa ngeli. Nikisema ua limechanua, hakuna anayefikiria uzio. Nikisema ua umefagiliwa, hakuna anayetafuta petali.

Hata ile silabi yenyewe si ya tangu asili. Nendeni Guangzhou: kwa Kikantoni jiwe ni *sek*, kumi ni *sap*, chumba ni *sat*, kula ni *sik*. Konsonanti hizo za mwisho zilikuwamo katika Kichina cha zama za Tang. Kaskazini zikafutika, na kadiri zilivyofutika, wazungumzaji wakazidi kuegemea maneno ya silabi mbili. Lugha ilijitibu bila kusubiri karani.

Ushahidi mzito zaidi uko Asia ya Kati. Wadungani ni Waislamu wa asili ya China waliokimbilia himaya ya Urusi katika miaka ya 1870, baada ya uasi wao kuzimwa. Wanasema Kichina cha kaskazini-magharibi, na tangu miaka ya 1950 wanakiandika kwa hati ya Kisirili, bila herufi za Kichina na bila alama za toni. Mshairi wao Iasyr Shivaza alitunga mashairi kwa lugha hiyo, na wenzake waliyasoma na kuyaelewa.

Nilipokuwa mwanafunzi Beijing nilikandwa mgongo na bwana mmoja asiyeona. Pembeni yake palikuwa na kitabu cha nukta nundu, na alinisimulia riwaya aliyokuwa akiisoma, sura kwa sura. Nukta nundu za Kichina, zilizobuniwa na Huang Nai mwanzoni mwa miaka ya 1950, huandika sauti, na kwa kawaida toni ziliachwa. Bwana yule hakuwahi kuona herufi hata moja. Nani atamwambia kwamba hajui lugha yake?

Nakubali kuna mipaka. Majina ya watu hutatiza: mtu wa ukoo wa Zhang hulazimika kueleza ni Zhang ya upinde au ni ile nyingine. Maandiko ya kale yanahitaji herufi, na herufi zenyewe ni hazina ambayo singependa ipotee. Hata hivyo, baada ya kupima yote, nasimama nilipokuwa: Kichina ni lugha ya sikio kama lugha nyingine zote.

Kwa hiyo ninawaomba walimu wa Kichina katika vyuo vyetu: orodha ya maana za *shi* isiwe somo la wiki ya kwanza. Wafundisheni *shizi* na *shitou* ndani ya sentensi, kwa mdomo, na herufi zifuate baadaye.