Mirathi ya Kweli Haifichwi



Tumeombwa tuzungumze juu ya barua zinazowafikia baadhi yetu zikiwa na jina la wakili, muhuri na maneno mazito ya kisheria. Zamani zilikuja kwa posta. Siku hizi huja kwa simu na barua pepe. Habari yake ni ile ile: mtu amefariki nchi ya mbali, jina lake la ukoo ni kama lako, ameacha mamilioni ya dola benki, wala hana mrithi. Wakili akuomba ukubali kuitwa jamaa wa marehemu, kisha mgawane.

Hila hii ni kongwe. Katika karne ya 19 wafungwa wa Ufaransa waliandika barua za namna hiyo kutoka gerezani, wakiahidi hazina iliyofichwa kwa atakayetanguliza fedha kidogo. Nchini Nigeria imeitwa 419, kwa namba ya kifungu cha Sheria ya Jinai kinachokataza kujipatia mali kwa udanganyifu. Lakini wenye hila hiyo wamo katika mataifa mengi. Tusililaumu taifa moja.

Tutaitambuaje? Tutazame mirathi ya kweli inavyoendeshwa kwetu Tanzania. Ndugu hukaa kikao, humpendekeza msimamizi, naye huomba mahakamani. Mahakama hutoa tangazo, ili mwenye pingamizi aje aseme. Yote hufanyika mchana kweupe. Barua ya tapeli huenda kinyume: yataka siri, tena yataka haraka. Kisha huja madai: kwanza ada ya jalada, halafu kodi, halafu hati ya kuthibitisha kwamba fedha si haramu. Kila ukilipa, hutokea kikwazo kingine.

Basi tufanye mambo matatu. Kwanza, tusilipe chochote, wala tusitoe nakala za vitambulisho na namba za benki. Pili, tuulize. Kila wakili wa Tanzania Bara ameandikishwa katika daftari la mawakili la Mahakama Kuu, na Chama cha Mawakili wa Tanganyika kipo. Tusiulize kwa namba iliyoandikwa ndani ya barua, maana matapeli huazima hata majina ya mawakili wa kweli. Tatu, aliyekwisha kulipa aende polisi na barua na stakabadhi zote. Naye ajihadhari na "wakili" wa pili atakayeahidi kumrudishia fedha zake kwa malipo.

Lipo pia jambo la dhamiri. Barua hiyo haituombi fedha tu. Yatuomba tujiite ndugu wa mtu tusiyemjua. Hata kama fedha hizo zingekuwapo, zisingekuwa zetu. Aliyekubali uongo huo, akiisha kuibiwa hunyamaza kwa aibu, na ukimya wake ndio ngao ya mwizi.

Kwa hiyo, viongozi, akija kwenu mtu aliyeuza ng'ombe au aliyetoa karo ya watoto kwa ajili ya barua hizi, msimcheke. Mketisheni, msikilizeni, msindikizeni polisi. Na barua ya namna hiyo ikibisha hodi nyumbani mwetu, tuisome kwa sauti mbele ya jumuiya. Neno la kweli haliharibiki kwa kusikiwa na wengi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.