Bei ya Haki kwa Fundi wa Jioni



Vijana tuliowasaidia kupata vifaa vya ufundi wanalima asubuhi, na jioni wanatengeneza pampu za kumwagilia na jenereta. Kazi wanaiweza, bei ndiyo inayowashinda. Wengi huona haya kumtoza jirani pesa ya ufundi, basi huongeza kidogo kwenye spea. Siku jirani akiulizia bei ya plagi dukani, fundi anaitwa mwizi, ingawa alichojiongezea hakifikii hata ujira wake wa halali.

Tunawaomba watenganishe: spea kwa risiti ya duka, ufundi peke yake, na bei itajwe kabla injini haijafunguliwa. Kuichunguza nayo ni kazi. Mara nyingi injini inayogoma kuwaka ina petroli iliyolala kwenye kabureta, au plagi yenye masizi. Kusafisha hakuhitaji spea. Asiyetoza ufundi hapati kitu, na hushawishika kuuza plagi isiyohitajika. Kwenye ufundi ahesabu pia nauli ya mjini na kuchakaa kwa spana (zile za bei rahisi tunazijua). Akitaka kumsaidia mjane, apunguze ufundi waziwazi, spea ibaki ilivyo.

Kamati zenye pampu au jenereta ziwe za kwanza kulipa ufundi, tena siku ileile.